Namna ya Kukagua Fiksi ya Bei Kubwa Kabla ya Kuipanda Barabarani

Fiksi ni baiskeli isiyo na friwili, yaani kifaa kinachoruhusu gurudumu kuzunguka huku pedali zimetulia. Sproketi yake ya nyuma, yaani gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, imekazwa moja kwa moja kwenye habu (kitovu cha gurudumu), na kwa sababu hiyo pedali huzunguka muda wote gurudumu linapozunguka, awe mpandaji anataka au hataki. Baiskeli ya namna hii imekulia katika velodromu, uwanja wa mbio za baiskeli, ambako njia ni laini, waendeshaji wote wanaelekea upande mmoja, na hakuna gari wala mtembea kwa miguu anayeweza kujitokeza ghafla. Kiwanda kinapoiuza ikiwa imekamilika kwa bei kubwa, mara nyingi kinachoongeza bei hiyo ni ugumu wa fremu, wepesi wa magurudumu na umbo linalokata upepo, yaani sifa zinazomfaa mtu anayeshindana kwenye uwanja wa mita 250 wenye kona zilizoinuka kwa zaidi ya nyuzi 40. Hayo ni mambo mazuri mahali pake, lakini hayamwambii mnunuzi kama baiskeli hiyo itamfikisha kazini salama asubuhi ya mvua.

Ukaguzi uanzie kwenye foki, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele. Tazama sehemu yake ya juu, pale inapokutana na fremu, uone kama ina tundu la kufungia breki ya mbele. Foki nyingi za velodromu, hasa za kaboni, hazina tundu hilo, na haifai kulitoboa mwenyewe, kwa kuwa kaboni iliyotobolewa pasipokusudiwa hupoteza nguvu mahali penye mzigo mkubwa. Mimi huishia hapo: foki isiyopokea breki inanitosha kuiacha baiskeli, hata iwe nzuri kiasi gani.

Wapo wanaosema kwamba miguu inatosha kuisimamisha fiksi. Ni kweli kwamba mpandaji anaweza kuzuia pedali kwa nguvu ya miguu na hata kuliburuza gurudumu la nyuma, lakini kila baiskeli inapopunguza mwendo, uzito huhamia mbele na gurudumu la nyuma hubaki likigusa lami kwa wepesi, kiasi kwamba haliwezi kushika vya kutosha. Breki nzuri ya mbele husimamisha baiskeli katika takriban nusu ya umbali unaohitajika kwa gurudumu la nyuma peke yake, na mbele ya mtoto aliyeingia barabarani nusu hiyo ni kubwa sana. Sheria ya Uingereza, kwa kanuni za mwaka 1983, inaruhusu fiksi barabarani kwa sharti kwamba iwe na breki inayofanya kazi kwenye gurudumu la mbele. Mwezi Februari 2016, katika mtaa wa Old Street jijini London, mwanamke aliyekuwa akivuka barabara aligongwa na kijana aliyepanda fiksi ya velodromu isiyo na breki ya mbele, akafariki dunia. Mwaka uliofuata kijana huyo alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Baiskeli ile haikuwa mbovu. Ilikuwa mahali ambapo haikutengenezwa kuwapo.

Tundu kwenye foki bado halitoshi, na hapa wanunuzi wengi hukosea. Breki ya kubana huhitaji rimu yenye ukingo uliosawazishwa ili mpira wa breki upate pa kushika, ilhali rimu za fiksi mara nyingi hupakwa rangi au kutiwa utando wa rangi mpaka ukingoni, kwa kuwa velodromu haina haja ya breki. Rimu kama hiyo hushika vibaya inapolowa, na rangi yake huanza kubanduka mapema. Nililijifunza jambo hili kwa gharama, nilipolazimika kununua gurudumu jipya la mbele kwa baiskeli ambayo muuzaji alikuwa amenihakikishia kuwa iko tayari kwa barabara. Pitisha kidole kwenye ukingo wa rimu: ukikuta alumini tupu iliyochongwa, rimu hiyo imekusudiwa breki. Uliza pia kama tairi ni la gundi, maana tairi lililogandishwa kwenye rimu halizibiki kwa urahisi kando ya barabara.

Angalia nafasi iliyobaki kati ya tairi na fremu. Fremu kadhaa za mashindano hupokea tairi la milimita 23 au 25 tu, huku lami yenye viraka na mashimo ikihitaji walau milimita 28. Kisha kaa kwenye kiti, weka pedali ikiwa mlalo upande wa mbele, na ugeuze usukani: fremu fupi ya velodromu inaweza kuruhusu ncha ya kiatu iguse tairi la mbele. Kwa mwendo wa kasi jambo hilo halisumbui, kwa kuwa usukani haugeuki sana, ila kwenye foleni, unapojipenyeza polepole huku miguu ikiendelea kuzunguka, linaweza kukuangusha. Kwa jambo moja, hata hivyo, fremu ya velodromu humfaa mpandaji wa mtaani: ekseli ya pedali yake imewekwa juu kuliko ya baiskeli ya barabara, kwa hiyo pedali haigongi chini upesi unapolala kwenye kona.

Hesabu meno. Sproketi ya mbele yenye meno 49 ikiwa na ya nyuma yenye meno 14 huisogeza baiskeli zaidi ya mita 7 kwa kila mzunguko wa pedali, na kuondoka kwenye taa za barabarani kwa gia hiyo ni adhabu kwa magoti, mbali na ugumu wa kuipunguza mwendo. Meno 46 kwa 17 hutoa takriban mita 5.7, mwendo wa kilomita 30 kwa saa kwa mizunguko 90 kwa dakika, na unawatosha watu wengi. Kwa anayependa kuburuza gurudumu, meno 48 kwa 16 yana kasoro iliyofichika: kwa kuwa uwiano wake ni 3 kamili, tairi husagika mahali palepale kila mara, lakini 48 kwa 17 husambaza msuguano huo katika sehemu 17.

Malizia kwenye habu ya nyuma. Sproketi iwe imeshikiliwa na ringi ya kufungia yenye hesi za kinyume, kwani bila ringi hiyo nguvu ya kuzuia pedali inaweza kuifungua sproketi katikati ya safari. Mwombe fundi aikaze mbele yako, kisha uirudishe akaikague tena baada ya kilomita chache za kupanda vilima kwa nguvu, kwa sababu sproketi mpya huendelea kujikaza kwenye hesi zake na kuiacha ringi ikiwa imelegea.