Gari likichemka kwenye foleni ya feri, usikimbilie rejeta

Gari linalochemka likisimama na kupoa likitembea lina ugonjwa wa upepo. Maji yafuate baadaye. Hayo nayasema karibu kila siku hapa Likoni, Mombasa, maana foleni ya feri ikishajaa mchana wa kaskazi, boneti mbili tatu hazikosi kuinuliwa, na kila boneti ina washauri wake. Huyu anasema rejeta, ile inayopoza maji ya injini, imeziba; yule anasema toa thamostati, ule mlango mdogo wa maji unaofunguka kwa joto, utupe. Feni hakuna anayeitazama.

Gari likiwa mbioni, upepo unaingia wenyewe kwenye rejeta. Likisimama, kazi yote ni ya feni. Kwa hivyo mteja akija, swali langu la kwanza ni: linapanda joto wapi? Akiniambia ni foleni ya Buxton, au daraja la Nyali saa za jioni, au hapa kwenye feri, naenda kwenye feni. Akiniambia ni pale anapopanda kwenda Mazeras huku gari limechanganya mwendo, hapo ndipo nafikiria rejeta iliyoziba, pampu ya maji au gasketi ya hedi, ile inayoziba chini ya kichwa cha injini.

Kwanza ujiokoe ukiwa foleni. Mshale ukianza kupanda, zima AC, kisha washa hita mpaka mwisho na ushushe vioo vyote. Najua, hita Mombasa ni adhabu, lakini joto hilo linatoka kwenye injini. Mshale ukifika kwenye nyekundu, zima injini, gari lisukumwe pembeni. Mfuniko wa rejeta usiuguse. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kuushika kwa mkono bila kuunguzwa, ndipo ufungue polepole kwa kitambaa kizito. Wale wanaofungua moto moto ili "kutoa mvuke" hutoka na nyuso zimebabuka.

Sasa feni. Weka gari kwenye gia ya kuegesha au huru, vuta breki ya mkono, washa injini, washa AC. Magari mengi haya ya Japani, Probox, Vitz, Noah, AC ikiwaka feni nayo huzunguka. Mikono iwe mbali, feni ya umeme huweza kuanza bila taarifa, hata injini ikiwa imezimwa.

Ikizunguka kwa AC lakini haizunguki injini ikipata moto peke yake, shuku sensa ya joto au waya wake. Kwenye Toyota nyingi, ukichomoa plagi ya sensa hiyo, swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa, feni inapaswa kuzunguka. Ikizunguka, mota ni nzima, shughulikia sensa.

Isipozunguka kabisa, nenda kwenye kisanduku cha fyuzi karibu na betri, soma kifuniko, tafuta palipoandikwa FAN. Fyuzi ikiwa nzima, badilishana rilei ya feni, ile swichi ndogo ya umeme, na nyingine ya aina ileile iliyo jirani yake. Bado? Gonga mgongo wa mota kidogo kwa mpini wa spana. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni za ndani zinazopitisha umeme zimeisha, nayo itakufa tena kesho kutwa. Nunua mota.

Kuna ujanja wa kuunga feni dairekti kwenye swichi. Kukufikisha nyumbani, sawa. Lakini nimeona waya zilizoyeyuka mpaka ndani ya dashibodi kwa sababu mtu hakutia rilei wala fyuzi.

Jambo moja mafundi wengi hulipita: feni inazunguka vizuri, ila kinyumenyume. Mota imebadilishwa, waya zikageuzwa, ikawa inasukuma upepo mbele badala ya kuuvuta ndani. Chukua karatasi, ishikilie mbele ya grili feni ikizunguka. Inatakiwa inase. Ikipeperushwa, geuza waya za mota. Angalia pia kama lile boksi la plastiki linaloizunguka feni lipo. Magari yaliyogongwa mbele mara nyingi hurudi bila hilo boksi, na feni ikabaki kuvuta hewa ya pembeni.

Kisha mulika tochi kati ya rejeta na kondensa ya AC, ile inayofanana na rejeta iliyo mbele yake. Humo mna vumbi, wadudu, vipande vya mifuko. Osha kwa mpira wa maji ya nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kwenda nje. Upepo wetu wa bahari hula mapezi ya rejeta: ukiyagusa kwa kidole na yakapukutika, hiyo rejeta hakika imekwisha, na hapo sikukatazi kununua.

Mfuniko nao una kazi yake. Ule ulioandikwa 0.9, yaani kipimo cha presha, mpira wake ukiwa mzima, hushikilia presha mpaka maji yachemke karibu nyuzi 118 badala ya 100. Mpira ukipasuka, gari huchemka mapema bila kosa jingine.

Maji ya kisima usitie, tafadhali. Visima vingi vya kisiwani na Likoni vina chumvi, na chumvi hula alumini na kuacha magaga ndani. Tia kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, iliyochanganywa tayari. Na thamostati iache mahali pake. Ukiitilia shaka itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, inatakiwa ianze kufunguka karibu na nambari iliyogongwa juu yake, mara nyingi nyuzi 82, kabla maji hayajachemka.

Ukijaza upya, toa hewa. Pandisha magurudumu ya mbele juu ya kitu, kwa kuwa milima huku haba, jaza polepole mfuniko ukiwa wazi na hita imewashwa, injini ingurume taratibu mpaka mapovu yaishe. Yasipoisha kabisa, moshi ukawa mweupe, au oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa, hiyo ni gasketi ya hedi. Zima, vutwa mpaka gereji, na hedi ipimwe kama imepinda kabla ya kufungiwa gasketi mpya.