Picha ya familia: mkalishe bibi kwanza

Ukiitwa kupiga picha ya familia nyumbani kwao, usianze na kamera. Omba kiti chenye egemeo, umkalishe bibi barazani, kivulini, uso ukielekea uani kwenye uwazi. Pale mwanga ni laini na ngozi nyeusi inatoka na rangi yake halisi. Juani saa saba mchana utaambulia macho yaliyofumbwa nusu na kivuli chini ya kila pua. Kisha waache wengine wajipange wenyewe kumzunguka. Wanajua kuliko wewe nani akae karibu na nani. Mtoto mdogo aingie mwisho kabisa, maana uvumilivu wake ni wa dakika mbili tatu (akishalia, basi tena).

Ukuta una madoa? Ning'iniza shuka. Seydou Keïta, mpiga picha aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, alianza na tandiko la kitanda chake kama pazia la nyuma, na mara nyingi alipiga uani kwa mwanga wa mchana.

Na ukishasema "haya, asanteni," usishushe kamera. Hapo ndipo bibi hucheka.