Penalti ya panenka: jina lilikotoka na namna ya kuipiga

Penalti inayochotwa taratibu hadi katikati ya goli huitwa panenka, na hilo ni jina la ukoo. Antonín Panenka, kiungo wa Bohemians ya Prague, aliipiga tarehe 20 Juni 1976 mjini Belgrade, fainali ya Mataifa ya Ulaya. Mechi ya Chekoslovakia, timu yake, na Ujerumani Magharibi iliisha 2-2. Uli Hoeneß wa Ujerumani alipaisha mpira wake, kisha Panenka akapiga: kipa Sepp Maier akarukia kushoto, mpira ukashukia katikati na Chekoslovakia ikatwaa kombe kwa penalti 5-3.

Wacheki wenyewe huiita vršovický dloubák. Vršovice ni mtaa wa Prague ulipo uwanja wa Bohemians; dloubák limetokana na kitenzi dloubat, kuchokoa. Anayefundisha vijana Mbeya au Iringa alishike jina hili la pili, kwa sababu linataja kazi ya mguu: mpira huchokolewa kutoka chini.

Kimbia kwa kasi ileile ya shuti kali. Ukipunguza mwendo, kipa anabaki amesimama na kuudaka kirahisi. Usifike mpirani ukajifanya unapiga: sheria inakataza, utapewa kadi ya njano. Mguu wa kuegemea ukae kando ya mpira, nyuma kidogo. Ingiza ncha ya kiatu chini ya mpira, kisha usimamishe mguu hapohapo. Mguu ukiendelea mbele, mpira unapita juu ya mwamba, ulio mita 2.44 tu. Ukiugusa kati badala ya chini, unabingirika mpaka miguuni kwa kipa.

Kwa mazoezi, funga kamba usawa wa mabega, mita 5.5 kutoka golini, yaani nusu ya zile mita 11 kutoka alama ya penalti hadi golini. Mpira uvuke kamba na ushukie wavuni bila kugusa mwamba.

Mpira ukipaa, wengi huilaumu hewa nyepesi ya nyanda za juu, lakini kwa mpira wa polepole tofauti ni ndogo. Udongo una madhara zaidi. Wakati wa masika mpira huzama kidogo kwenye tope na kiatu hakipiti chini yake. Kiangazi, ardhi ngumu huigonga ncha ya kiatu na kuirudisha. Kagua alama ya penalti kabla ya mechi. Ikiwa imechimbika, piga shuti la kawaida pembeni.