Kupima na kuchora ramani ya ukinzani wa udongo shambani, hatua kwa hatua

Tuchukue shamba la ekari 5 bonde la Pangani, mahindi ya kumwagilia, kuna madoa mahindi yanadumaa na unahisi ni chumvi. Ukinzani ni kiasi udongo unavyozuia umeme kupita. Chumvi na mfinyanzi vinapitisha umeme vizuri kwa hiyo ukinzani unashuka, mchanga mkavu na mawe unapanda.

1. Gridi. Kamba na vigingi, kila mita 20, utapata kama pointi 50. GPS ya simu peke yake haitoshi, inakosea mita kadhaa. Pima shamba zima siku moja, na usipime wakati nusu limemwagiliwa nusu bado, utaishia kuchora ramani ya maji.

2. Kupima. Nondo 4 mstari mmoja, mita 1 kutoka moja hadi nyingine, zisizame zaidi ya sentimita 5. Huu ndo mpangilio wa Wenner: za pembeni zinapeleka umeme, za kati zinapima volti. Mita ya eathi ya mafundi umeme (kifaa cha kupima waya wa ardhini) yenye tundu 4 inafanya kazi. Namba ya om (kipimo cha ukinzani kwenye mita) zidisha kwa 6.28 upate om-mita, yaani ukinzani wa udongo wenyewe, kwa hiyo om 6 ni kama om-mita 38. Udongo ukiwa mkavu sana weka maji kidogo kwenye kila nondo, ila usilowanishe mstari mzima.

3. Kusafisha. Hapa ndo ramani nyingi zinaharibika, mtu anakimbilia kulainisha (kujaza nafasi kati ya pointi ili ramani iwe laini) kabla hajaangalia data. Pointi moja na jirani zake zinasoma om-mita 18, 20, 21, 24 na 300. Wastani ni 77, namba ambayo haipo popote pale shambani! Namba ya katikati ni 21. Ila usiifute hiyo 300 ukiwa umekaa mezani, rudi upime tena, kama nondo ilikuwa imelegea itashuka ukiikaza, isiposhuka basi kuna jiwe au mchanga kweli, iache.

4. Kulainisha. Geuza namba zote ziwe logi (logarithm) kwanza, maana ukinzani unaruka mara kumi kirahisi na namba kubwa zinameza ndogo. Ingiza QGIS (programu ya kuchora ramani), kanda ya UTM 37 Kusini (mfumo wa majira ya ramani kwa mita), tumia IDW (njia ya kukadiria katikati ya pointi, iliyo karibu ina uzito zaidi), seli za mita 5, kisha rudisha logi iwe om-mita. Ficha pointi 5, chora upya, linganisha ramani na vipimo ulivyoficha. Ramani ikizikosea sana ongeza vipimo, usiongeze kulainisha. Doa dogo la chumvi likishafutwa na programu mkulima ataendelea kupoteza mbegu palepale.

5. Hakiki. Chimba sehemu yenye ukinzani mdogo na yenye mkubwa, chukua udongo wa sentimita 0 hadi 50 upeleke maabara wapime chumvi, kwa sababu mfinyanzi wenye unyevu na chumvi kwenye ramani vinafanana kabisa.