Mteja Akishalewa: Namna ya Kumtuliza Bila Ugomvi

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kaunta, usisubiri mteja apepesuke ndipo ujue amelewa. Hapa Moshi nahudumia watu wanaotembea wima, wanahesabu chenji vizuri, ila breki ya akili imeshalegea. Breki hiyo iko sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, na pombe huigusa mapema. Ikilegea, likimjia wazo analitenda papo hapo.

Mimi nasikiliza sauti: inapanda na muziki haujapanda. Nasikiliza na oda. Aliyekuja kunywa bia mbili akawa anaagiza "lete kama tulivyo" kwa meza asiyoijua, usikimbilie friji. Mpelekee kwanza bili ilipofikia, umsomee taratibu, wenzake wasisikie. Wengi hapo wanapunguza wenyewe, na ada ya mtoto inapona.

Ugomvi ukianza, acha kumtisha na kesho. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, Claude Steele na Robert Josephs, walieleza kwamba pombe hufinya mawazo ya mtu, akabaki anaona kilicho mbele yake tu. Nimeliona hilo kila mwisho wa mwezi. Ukimwambia "utalala polisi" hasikii, kwa sababu polisi hawapo pale. Aliyepo ni jamaa aliyemmwagia bia. Basi badilisha kilicho mbele yake. Simama ubavuni kwake, usimnyooshee kidole, usimshike. Mwite kwa heshima: "Baba Neema, njoo tuangalie bili yako." Akigeuka tu, mwenzako amhamishe yule jamaa nje. Na wasikodoleane macho tena usiku ule.

Supu na maji mpe, lakini havitamlevua. Kahawa pia. Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe, na ini huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa moja inakula saa mbili au zaidi. Anayefunga na chupa sita saa tano usiku bado anayo asubuhi.

Kwa hiyo suala la funguo limalize anapoagiza chupa ya kwanza, akiwa bado anasikiliza. Muulize amekuja na nini, funguo ziwekwe kaunta, na namba ya bodaboda unayemwamini iwe tayari. Akizima kabisa na haamki ukimtikisa, mlaze kwa ubavu, usimwache peke yake, tafuta gari la kumpeleka hospitali.