Kabla hujampa ndugu yako nguvu ya kisheria auze nyumba

Mimi niliangushwa na herufi moja. Hati ya nyumba ya Mbagala inasema Mohamed, pasi yangu inasema Mohammed. Nilisaini hapa Muscat nguvu ya kisheria, yaani hati ya kumruhusu mdogo wangu auze kwa niaba yangu, karatasi ikasafiri mpaka Dar es Salaam, mdogo wangu akapanga foleni asubuhi nzima, na dirishani akaambiwa aliyesaini siye mwenye hati. Ikabidi nile kiapo cha majina, kwamba hao wawili ni mtu mmoja, halafu tukaanza upya. Kwa hiyo, kabla ya kumtafuta hata wakili, tandaza mezani hati, pasi na kitambulisho cha NIDA usome herufi kwa herufi. Fanya hivyo hivyo kwa majina ya unayemtuma.

Nyumbani watakwambia andika tu barua, sisi tunajuana. Mnajuana, lakini Msajili wa Hati hawajui. Kwa nyumba yenye hati iliyosajiliwa Tanzania Bara, nguvu ya kisheria nayo husajiliwa, chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi. Nyumba ikiwa Unguja au Pemba, usichukue utaratibu wa Bara, kwa sababu ardhi si jambo la Muungano na Zanzibar ina sheria na ofisi zake. Ukiwa nje, saini mbele ya ofisa wa ubalozi au mthibitishaji wa hati (notari) wa nchi uliyopo. Huku Oman mthibitishaji huandika kwa Kiarabu, utalazimika tena kutafuta mfasiri, ndiyo maana mimi nilikwenda ubalozini. Saini nakala halisi zaidi ya moja, na moja ubaki nayo.

Sasa maneno yenyewe. Ukiona wakili amekuandikia "kufanya mambo yangu yote kuhusu mali zangu", mrudishie. Kwa sentensi hiyo ndugu yako anaweza kuiweka nyumba rehani, na hata kiwanja cha Kibaha ambacho hukukifikiria kikaingia humo. Taja namba ya kiwanja, kitalu, mtaa na namba ya hati. Sema anaruhusiwa kuuza tu, basi; asiweke rehani, asigawe zawadi, asimkabidhi mtu mwingine madaraka hayo. Weka tarehe ya mwisho, miezi sita kwa mfano. Na andika bei ya chini kabisa.

Hiyo bei ndiyo inayoua "cha juu". Dalali anamwambia mnunuzi milioni 95, wewe unaambiwa 80, zile 15 zinagawanywa barazani. Sisemi ndugu yako ni mwizi. Nasema dalali ana maneno matamu, na mtu mwenye karo ya shule shingoni huyasikia vizuri zaidi. Mpe ndugu ujira wake waziwazi, kwa asilimia au kiasi maalumu, na umwandikie. Mimi niliona aibu kulitaja hilo kwa mdogo wangu. Yeye ndiye aliyelitaja, na nikashukuru.

Fedha zisipite mfukoni mwake. Nguvu ya kisheria na mkataba wa mauziano, vyote viwili, viseme malipo yanaingia benki, kwenye akaunti yenye jina lako, na namba ya akaunti iandikwe. Ikishindikana, zikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili mpaka uhamisho ukamilike. Hata malipo ya awali yafuate njia hiyo hiyo, kwa sababu ugomvi mwingi huanzia kwenye zile milioni mbili za "kushikia".

Mwenza wako je? Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe bila ridhaa ya mume au mke, hata kama jina kwenye hati ni moja. Asaini ridhaa yake siku hiyo hiyo mnapokwenda ubalozini; mkingoja mnunuzi apatikane, mtalipa safari mbili.

Kama umechukua uraia wa nchi nyingine, simama hapo kwanza. Sheria ya Ardhi ya 1999 inambana asiye raia katika umiliki, kwa hiyo muulize wakili hali yako kabla hujasaini chochote, na usimfiche.

Kodi inatazama ulipo pia. Mkazi wa Tanzania hulipa asilimia 10 ya faida ya mauzo, asiye mkazi hulipa zaidi. Faida hupungua ukionyesha ulichotumia, hivyo risiti za saruji, nondo na mabati zinatafutwa sasa hivi. Na kodi ya pango la ardhi inayodaiwa ilipwe mapema.

Jambo moja watu hawapendi kulitaja: mwenye mali akifariki, nguvu ya kisheria inakufa naye. Ndugu hawezi kumalizia mauzo, hata kama alishapokea malipo ya awali. Anasubiriwa msimamizi wa mirathi.

Ukibadili mawazo kabla ya muda, kumpigia simu hakutoshi. Andika utenguzi, uthibitishwe kama nguvu ya kisheria yenyewe ilivyothibitishwa, ufike kwa Msajili. Na biashara ikiisha, kusanya nakala halisi zote. Zangu zilikuwa tatu: moja ninayo, nyingine iko kwenye kabati la mama, ya tatu mdogo wangu anasema aliiacha kwa dalali.