Kufuga nyuki na majirani: anzeni na mizinga miwili tu

Huku kwetu Arua, Uganda, nyuki sio wageni, wazee walitundika mizinga ya magogo tangu zamani ila kila mtu na wake. Sisi tumejiunga nyumba sita na ombi langu kwa mnaotaka kuanza ni moja, msikimbilie mizinga kumi, chukueni miwili mjifunze wote mpaka kila mtu ameshika bomba la moshi wa kutuliza nyuki.

Kabla ya mzinga ongeeni na watu, hata wale hawafugi. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, ajue, mwenye mbuzi asiwafunge kamba karibu maana mbuzi aliyefungwa hawezi kukimbia nyuki wakichafuka, na anayepulizia dawa nyanya zake mwombeni apulizie jioni nyuki washarudi. Mahali pawe mbali na nyumba, kisima na njia ya watoto wa shule.

Mzinga wa KTB (Kenya Top Bar, sanduku lenye vijiti juu ambako nyuki wananing'iniza sega) fundi seremala yeyote anatengeneza ila vile vijiti vya juu msimwache akisie, upana ni sentimita 3.2, ukizidi nyuki wanajenga sega mshazari linashika vijiti viwili, ukivuta kimoja tu linapasuka asali inamwagikia watoto wa nyuki. Pakeni nta kidogo katikati ya kila kijiti, sugueni mchaichai ndani, ning'inizeni kwa waya wenye grisi siafu wasipite. Alafu subirini nyuki waingie wenyewe, inaweza kuwa siku chache au miezi.

Kufungua ni jioni giza likianza. Tochi ifunikwe kitambaa chekundu, nyuki hawaoni rangi hiyo. Moshi ni wa magunzi au mavi ya ng'ombe yaliyokauka, plastiki hapana kabisa. Ukidungwa kwangua mwiba haraka kwa kucha, utasikia harufu kama ya ndizi mbivu, hiyo ndio inaita wenzake, kwa iyo puliza moshi hapo hapo urudi nyuma polepole. Mtu akivimba uso au pumzi ikabana, bodaboda mpaka hospitali saa hiyo hiyo, msingoje.

Sega likamateni wima, ukililaza linakatika. La kuvuna ni lile limefunikwa nta karibu lote, lililo wazi asali yake bado ina maji itachacha. Yale ya kahawia karibu na mlango yana watoto, yaacheni, na asali kiasi muwaachie pia. Sisi mavuno ya kwanza tulikata mpaka ya watoto kwa furaha, baada ya siku chache mzinga mtupu, iliniuma sana.

Asali tunapima kwa kikombe kimoja mbele ya wote, nyumba kwa nyumba, hata mama ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kushika tochi anapata sawa. Nta hatugawi, hiyo ni ya kupaka vijiti vya mzinga wa tatu.